Washkansky Hakuwa Mtu wa Hasira

Muhula uliopita mwalimu wetu wa saikolojia ya elimu alitupa kazi ambayo wengi tuliiona ya kupoteza muda. Chagua mtu maarufu aliyefariki zamani, simulia maisha yake, halafu eleza kipindi kimoja ambacho tabia yake ilibadilika, na useme kwa nini. Darasa likakimbilia kwa wanasiasa. Nyerere peke yake alichaguliwa na watu kumi na mmoja, nilihesabu. Mimi nikamchagua mfanyabiashara wa vyakula wa Cape Town anayeitwa Louis Washkansky, na mwenzangu wa chumbani akaniuliza huyo anachezea timu gani.

Sikumchagua kwa kubahatisha. Nilikuwa na sababu ya nyumbani, nitaisema mbele kidogo. Kwanza yeye.

Washkansky alizaliwa Lithuania mwaka 1912 katika familia ya Kiyahudi, akahamia Afrika Kusini akiwa bado mtoto. Alikulia huko, akawa mfanyabiashara, akamwoa mwanamke aliyeitwa Ann. Alikuwa mtu wa michezo: kuogelea, mpira, kunyanyua vyuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshini, akapitia Afrika Mashariki, Afrika Kaskazini na Italia, kwa hiyo vumbi la ukanda wetu alilikanyaga. Wote waliomwandika wanakubaliana kuhusu hulka yake. Alikuwa mtu wa watu, mwenye sauti, mpenda karata na sigara, na utani haukumwisha mdomoni. Naomba msomaji aishike picha hiyo, maana tutaihitaji.

Alipofikia miaka ya hamsini, mwili ulianza kumwangusha. Alikuwa na kisukari. Alipata mshtuko wa moyo mara tatu, na baada ya ule wa mwisho moyo ukashindwa kabisa kusukuma damu inavyotakiwa. Maji yakajaa mwilini, miguu ikavimba hadi wauguzi wakawa wanaitoboa ili maji yachuruzike. Septemba 1967 alilazwa hospitali ya Groote Schuur, na madaktari hawakuwa na dawa nyingine ya kumpa.

Hapo ndipo akakutana na Christiaan Barnard, daktari bingwa wa upasuaji wa moyo. Barnard alimweleza kwamba anaweza kumtoa moyo ule uliochoka na kumwekea wa mtu mwingine aliyefariki, kitu ambacho hakijawahi kufanywa kwa binadamu yeyote akaishi nacho. Washkansky alikubali papo hapo, bila maswali mengi. Yeye na mkewe waliambiwa kwamba uwezekano wa kufanikiwa ni asilimia 80. Baadaye wataalamu wa maadili waliilaumu sana namba hiyo, na mimi naungana nao. Kitu ambacho hakijawahi kufanyika, asilimia unaitoa wapi? Lakini pia najiuliza, ningekuwa mimi nimelala pale miguu imetobolewa, ningeuliza hesabu imepatikanaje?

Jumamosi tarehe 2 Desemba, binti wa miaka 25 aliyeitwa Denise Darvall alikuwa ametoka na familia yake. Wakasimama kununua keki. Wakati anavuka barabara na mama yake, gari likawagonga. Mama alifariki palepale. Denise aliumia vibaya kichwani, ubongo ukawa umekwisha kazi, ila moyo bado unapiga. Baba yake, Edward, ambaye mchana ule alikuwa amempoteza mke, aliulizwa kama angeruhusu moyo wa bintiye utumike. Alifikiri dakika chache tu, akaruhusu. Figo yake moja ilikwenda kwa mtoto wa miaka kumi, Jonathan van Wyk, ambaye kwa sheria za ubaguzi za wakati ule aliandikwa kuwa chotara. Serikali iliyowatenganisha watu hata kwenye mabenchi ya bustani haikuweza kuzitenganisha figo.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 3 Desemba 1967, timu ya watu kama 30 ilifanya kazi hiyo hadi asubuhi. Moyo wa Denise ulishtuliwa kwa umeme kwenye kifua cha Washkansky, ukaanza kupiga.

Dunia ikalipuka. Waandishi wa habari walijaa nje ya hospitali, barua zikamiminika kutoka kila bara. Na mgonjwa mwenyewe? Siku za mwanzo alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Aliongea, alikula, aliwatania wauguzi, alijiita Frankenstein mpya. Uvimbe wa miguu ulikuwa ukipungua, maana sasa alikuwa na moyo wa binti mdogo unaosukuma damu sawasawa. Picha zake akiwa na tabasamu zilizunguka duniani kote.

Sasa tuzungumzie dawa, maana hapa ndipo maisha ya huyu mtu yanapoacha kuwa hadithi ya mashujaa.

Mwili una askari wake. Kazi yao ni kutambua kitu kigeni na kukiua, na hawajui kutofautisha kidudu cha ugonjwa na moyo uliokuja kuokoa. Wakiachwa, watauua moyo. Figo ya kwanza kupandikizwa ikafanya kazi vizuri, Boston mwaka 1954, ilifanikiwa kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana, askari hawakuona mgeni. Kwa sisi wengine lazima askari walazwe usingizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari waligundua kwamba azathioprini pamoja na prednisoni zikitumika kwa pamoja zinawalaza vizuri. Washkansky alipewa hizo mbili, akaongezewa actinomycin C, na kifua chake kikapigwa mionzi. Hakuna aliyewahi kufanya hivi kwa moyo, kwa hiyo hakuna aliyejua kipimo sahihi. Walichokiogopa zaidi ni moyo kukataliwa, basi wakaegemea upande wa dozi kubwa.

Prednisoni ni steroidi, jamii moja na kortizoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizokaa juu ya figo zetu. Kortizoli ndiyo inayotuamsha asubuhi na kutuweka macho tukiwa na hofu. Ubongo una sehemu nyingi za kuipokea, hasa zile zinazohusika na kumbukumbu na hisia. Ukiimwaga kwa wingi kutoka nje, hauwalazi askari peke yao, unagusa na akili. Hili lilionekana mapema. Kortizoni ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, watu waliokuwa hawawezi kusimama waliinuka, wengine wakiwa na furaha isiyo ya kawaida. Haikuchukua muda madaktari wakaona upande wa pili: kukosa usingizi, hasira za ghafla, sonona, na kwa wachache maruweruwe na kuchanganyikiwa kabisa. Furaha ile iliyozidi na giza lililofuata zinaweza kutoka kwenye kidonge kimoja.

Baada ya wiki ya kwanza, Washkansky alibadilika. Utani ulikauka. Alilalamika kwamba halali, hali, hawamwachi apumzike, na kwamba wanaomtibu ndio wanaomuua. Alichoka kuchomwa sindano, alichoka kubebwa kwenda kupimwa na kupigwa mionzi. Akawa mkali na mwenye kukata tamaa. Chakula alikisukuma pembeni.

Na sasa sababu ya nyumbani. Kaka yangu alipandikizwa figo India, mimi nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Figo alitoa dada yetu mkubwa. Kaka ninayemjua mimi ni mtu mpole kuliko wote nyumbani, yaani ukimkanyaga ndiye anayesema samahani. Alirudi baada ya miezi miwili, mashavu yamejaa kama mtoto, na wiki za kwanza alikuwa anaongea usiku kucha. Anapanga miradi: mara ufugaji wa samaki, mara kununua bodaboda tatu. Tukafurahi, tukasema amepona. Kisha akageuka. Saa nane za usiku anatembea sebuleni. Anamfokea Mama kwa sababu ya chumvi. Siku moja alimwambia Dada kwamba heri asingempa hiyo figo.

Dada alilia jikoni. Mimi nikamfuata Kaka chumbani nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kwa ufupi nilimwita asiye na shukrani. Aliniangalia, akageukia ukutani. Majirani walikuwa na maelezo yao, wengine wakisema amerogwa, wengine kwamba figo ya mwanamke imembadilisha roho. Hayo ya majirani niliyacheka. La kwangu la shukrani sikulicheka, kumbe nalo lilikuwa ni uchawi uleule, ila umevaa shati safi.

Hospitali aliyotibiwa ilitupa karatasi ya kurasa nne. Ilikataza maji yasiyochemshwa, balungi, na watu wenye mafua. Kuhusu akili hakukuwa na mstari hata mmoja.

Turudi Cape Town. Zikiwa zimepita kama siku kumi na mbili, picha ya eksirei ilionyesha kivuli kwenye mapafu ya Washkansky. Madaktari wakagawanyika: ni maambukizi, au ni mwili umeanza kuukataa moyo? Wakahofia kukataliwa, wakaongeza dawa za kulaza askari. Kumbe ilikuwa nimonia, na askari ndio hao wamelazwa usingizi mzito zaidi. Alfajiri ya tarehe 21 Desemba 1967 alifariki, siku ya 18. Uchunguzi wa maiti ulikuta mapafu yote mawili yameharibika kwa nimonia. Moyo wa Denise Darvall haukuwa na tatizo kubwa. Ulikuwa umepiga vizuri hadi mwisho.

Sitaki kudanganya wasomaji kwamba prednisoni ndiyo iliyomgeuza peke yake. Mtu mwenye nimonia na homa anaweza kuchanganyikiwa bila kidonge chochote. Asiyelala siku kumi, anayemwona mkewe amevaa barakoa na kanzu ya hospitali, anayeamshwa kila mara kutolewa damu, huyo ana haki ya kununa. Ninachosema ni kwamba dawa ilikuwa mezani pamoja na hayo yote, dozi ikiwa kubwa na ikipanda. Simulizi nyingi za siku zile zinaeleza hali yake kama uchovu wa mgonjwa mgumu. Wanahesabu mapigo ya moyo, mkojo, na chembe nyeupe za damu. Mtu mwenyewe anaonekana pembeni, kama kelele za wodini.

Namba zilikuja baadaye. Mwaka 1972 watafiti wa Boston waliokuwa wakifuatilia madhara ya dawa hospitalini walichapisha matokeo kuhusu wagonjwa waliokuwa wakitumia prednisoni. Kwa waliomeza hadi miligramu 40 kwa siku, asilimia 1.3 walipata matatizo ya akili. Kati ya 41 na 80, ilikuwa asilimia 4.6. Waliozidi 80, asilimia 18.4. Mtu mmoja kati ya kila watano au sita! Nilipoiona jedwali hiyo maktaba nilikaa kimya muda mrefu, halafu nikaenda nje kupiga simu, sikuweza kusubiri hadi jioni. Karatasi zake za kutokea hospitali zilikuwa kwa Mama, akanisomea dozi kwa taabu, tarakimu moja moja. Kaka alikuwa amerudi nyumbani akiwa kwenye dozi ya juu, na upunguzaji wake ulikuwa umecheleweshwa kwa sababu vipimo vya figo vilipanda kidogo.

Barnard alijifunza jambo moja kutokana na kifo cha Washkansky, nalo ni kutozidisha dawa. Mgonjwa wake wa pili, daktari wa meno Philip Blaiberg, alipandikizwa tarehe 2 Januari 1968 kwa moyo wa Clive Haupt, kijana wa miaka 24 aliyeanguka ufukweni siku ya mwaka mpya. Blaiberg alitoka hospitali akiwa anatembea, akaendesha gari, akapiga picha baharini, akaishi siku 594. Kule Marekani, madaktari wa Stanford walioanza kupandikiza mioyo Januari hiyohiyo walimweka daktari wa magonjwa ya akili karibu na wagonjwa wao, na mwaka 1969 aliandika makala kuhusu misukosuko ya akili aliyoiona. Kwa hiyo elimu ilikuwepo kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Ilichelewa tu kufika kwenye ile karatasi ya kurasa nne.

Dawa za siku hizi ni nyingine kidogo. Saiklosporini ilikuja miaka ya 1980, kisha takrolimasi, na kwa sababu yao steroidi zinaweza kushushwa mapema. Lakini nazo zina yao. Zinaweza kuleta kutetemeka mikono, maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, na mara chache kuchanganyikiwa, hasa kiwango chake kwenye damu kikipanda mno. Ndiyo maana wanapimwa damu mara kwa mara. Naandika haya kwa wanachuo kwa sababu moja ya wazi: Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2018. Zamani mtu wa namna hii alikuwa habari ya gazetini. Sasa atakuwa mwalimu mwenzako, mzazi wa mwanafunzi wako, au jirani wa chumba hosteli.

Na hapa niweke tahadhari, maana najua tulivyo. Ukimwona mtu wa hivi amebadilika, usimwambie aache dawa. Kaka alijaribu kuacha kimyakimya, siku mbili, akitaka kulala tu. Askari wakiamka ghafla figo inakwenda. Zaidi ya hapo, mtu aliyemeza steroidi muda mrefu tezi zake mwenyewe zimesinzia, akikatisha ghafla anaweza kuanguka na kufa. Dozi inashushwa na daktari, polepole. Hata kuhamishia kidonge asubuhi badala ya usiku kunaweza kumrudishia mtu usingizi, ila na hilo anaulizwa daktari.

Kwa Kaka ilichukua wiki kadhaa. Dada ndiye aliyekwenda naye kliniki ya hapa nchini, akamweleza daktari mambo yote ya usiku, hata lile la heri asingempa, akilisema kama mtu anavyoeleza kuhara. Daktari, mtu mzima mpole, hakushangaa. Alisoma vipimo upya, akapunguza prednisoloni kidogo kidogo, akamwelekeza pia kwa daktari wa akili. Kaka aligoma kwenda kwa huyo wa pili. Alikwenda mara ya tatu alipoambiwa, na mpaka leo anakwenda, ingawa nyumbani tunasema amekwenda kliniki tu, basi.

Hakurudi mzima kama zamani, nisiseme uongo. Kuna siku anazima simu. Lakini alilala. Asubuhi moja Mama alinipigia saa mbili na nusu kunijulisha kwamba Kaka bado amelala, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

Mimi niliomba msamaha likizo iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu yenye Washkansky ndani yake, na jedwali la Boston. Kaka alinikatisha, akasema mambo yale ya chumbani anayakumbuka vipande vipande, kama sinema aliyoiona akiwa anasinzia, ila sura yangu anaikumbuka. Nikashindwa kuendelea. Tukaenda kununua vocha.

Kazi ya darasani nilipata B. Mwalimu aliandika pembeni kwamba nimeeleza dawa kuliko mtu, na nadhani ana haki. Kuhusu Washkansky kabla ya kuugua nilipata kidogo sana: vyuma, vita, duka, karata. Mtu aliyeishi miaka hamsini na zaidi anakumbukwa kwa siku 18 ambazo sehemu kubwa hakuwa yeye. Chumba cha upasuaji cha Groote Schuur sasa ni makumbusho, yalifunguliwa mwaka 2007, tarehe ileile ya Desemba.

Kaka aliomba nakala ya kazi hiyo. Nilimpelekea, akaisoma yote. Kisha akachukua mkasi, akakata sehemu yenye zile namba za 1972, akaikunja na kuiingiza ndani ya kadi yake ya kliniki. Jumanne ana miadi. Kuna kijana amepandikizwa mwezi uliopita, mkewe analalamika kwamba mume halali.